Nyota Moja kwa Filamu Iliyotuzwa Cannes: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu filamu za mataifa mengine na watu wanaozihakiki. Tumezifupisha bila kugusa hoja zake. Majibu ni maoni ya mwandishi wa safu hii, ambaye ni mtazamaji wa muda mrefu na wala hajawahi kulipwa na kampuni yoyote ya filamu ili aisifu kazi yake.

SWALI: Shikamoo, mwandishi wa safu ya sinema. Nimeitazama filamu ya Iran iitwayo Taste of Cherry, ya Abbas Kiarostami, baada ya kusoma kwamba ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Baadaye nikakuta kwamba Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Marekani, aliipa nyota moja kati ya nne na kusema inachosha kupita kiasi. Mimi mwenyewe nilisinzia kidogo katikati, lakini tangu hapo filamu hiyo imekataa kunitoka akilini. Nimwamini nani: waamuzi wa Cannes, Ebert au usingizi wangu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, filamu hiyo ya mwaka 1997 inamfuata bwana mmoja wa makamo, Badii, anayeendesha gari katika vilima vya vumbi pembezoni mwa Tehran akitafuta mtu wa kumfanyia kazi moja kwa malipo mazuri. Badii amekusudia kujitoa uhai, shimo ameshalichimba chini ya mti, na anachotaka ni mtu atakayekuja alfajiri kumfukia. Anawapakia abiria watatu kwa zamu: askari kijana wa Kikurdi ambaye anashikwa na hofu na kutimua mbio, mwanafunzi wa dini kutoka Afghanistan ambaye anamkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu amelikataza jambo hilo, na mzee wa Kiazeri anayekausha ngozi za wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho. Mzee huyo anakubali kwa sababu ana mtoto mgonjwa, lakini njia nzima anamsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kupanda mforosadi akiwa na kamba mkononi, akaonja tunda moja, kisha la pili, hatimaye akateremka na kurudi nyumbani na matunda ya kumpelekea mkewe.

Tuzo ya Palme d'Or, yaani ile tuzo kuu ya Cannes, ya mwaka huo waligawana Kiarostami na Mjapani Shohei Imamura, na msomaji anaweza kukisia mwenyewe kwamba katika meza ya waamuzi, ambao mwenyekiti wao alikuwa mwigizaji Isabelle Adjani, hakukuwa na kauli moja. Ebert aliandika katika gazeti la Chicago Sun-Times mwanzoni mwa mwaka 1998. Katika mji huohuo, Jonathan Rosenbaum wa Chicago Reader aliipa filamu hiyohiyo daraja la juu kabisa alilokuwa nalo, na mwaka 2003 akatoa kitabu kizima kuhusu Kiarostami kwa kushirikiana na Mehrnaz Saeed-Vafa. Wala huwezi kusema kwamba mmojawapo alikuwa mgeni wa kazi hii, kwa maana Ebert ndiye mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, mwaka 1975.

Sasa nikueleze ninavyoona mimi. Katika yote niliyosoma kuhusu filamu hii, ule uhakiki wa nyota moja ni miongoni mwa maandishi yaliyonifaa zaidi, ingawa sikubaliani na hukumu yake. Ebert alieleza kile kinachoonekana: gari linazunguka, watu wanazungumza, kimya kinarefuka, sababu ya huzuni ya Badii haitajwi hata mara moja, na mwishoni, badala ya kuonyeshwa kilichompata, tunaonyeshwa picha za video za Kiarostami na wenzake wakiwa kazini. Alisema waziwazi kwamba ingemsaidia kumfahamu Badii walau kidogo, na kwamba ule mwisho ni mbinu ya kuchosha ya kumkumbusha mtazamaji kwamba alichokuwa anakitazama ni filamu. Mtu akisoma hayo anajua anakwenda kukutana na nini, na anaweza kupima mwenyewe kama kimya cha namna hiyo kitamchosha au kitamvuta. Yapo maandishi ya sifa kuhusu filamu hiyohiyo yanayosema kwamba ni tafakuri ya kina juu ya uhai na mauti, maneno ambayo unaweza kuyabandika kwenye filamu mia moja bila kubadilisha hata herufi.

Ninapoachana na Ebert ni kwenye suala la kutomjua Badii. Abiria wake watatu nao hawamjui. Kila mmoja analazimika kumjibu mtu mgeni, ndani ya gari, kwa kutumia kile alichonacho, iwe ni woga, aya au kisa cha mforosadi. Kiarostami angetueleza kwamba Badii amefilisika au ameachwa na mke, tungeanza mara moja kupima kama sababu yake inatosha, na abiria wangegeuka kuwa mashahidi wa kesi ambayo sisi tumekwishaiamua. Kuhusu ule mwisho wa video, namuunga mkono Ebert nusu. Kile kilima kilichogeuka kijani baada ya saa nzima na zaidi ya vumbi, huku tarumbeta ya Louis Armstrong ikilia, kinanipa pumzi niliyokuwa naihitaji. Lakini mwongozaji mwenyewe na mitambo yake ningeweza kuishi bila kuwaona.

Na usingizi wako usikutie haya. Kiarostami mwenyewe alipata kusema kwamba anazipenda filamu zinazomwachia mtu nafasi ya kusinzia ukumbini, kisha zikamnyima usingizi akiwa nyumbani. Kwa kipimo chake yeye, wewe umekuwa mtazamaji mwema.

Ama waamuzi wa matamasha, hao ni watu wachache wanaotazama filamu nyingi kwa siku zisizotimia wiki mbili, kisha wanafungiwa chumbani wakubaliane. Ukumbi wa Cannes nao una historia ya kukosea. Mwaka 1960 watazamaji walizomea L'Avventura ya Michelangelo Antonioni hadi mwongozaji na mwigizaji wake Monica Vitti wakaondoka. Kesho yake kundi la watengenezaji filamu na wahakiki, Roberto Rossellini akiwamo, wakatia saini barua ya kuitetea, na ikaondoka na tuzo maalumu ya waamuzi. Miaka miwili tu baadaye, wahakiki waliopiga kura katika jarida la Sight and Sound la Uingereza waliiweka nafasi ya pili miongoni mwa filamu bora za wakati wote. Mimi L'Avventura sijaipenda mpaka leo, lakini waliozomea siwezi kuwatetea, kwa sababu mtu anayezomea hajatoa hoja inayoweza kujibiwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Naona kila filamu ya nchi maskini inayosifiwa huko Ulaya ni ya njaa, matope na kilio. Je, wahakiki wa huko hawapendi kutuona tumevaa viatu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Salaam nawe. Shutuma hiyo ina umri mkubwa, na mmoja wa walioitoa kwa sauti ya juu ni mtu ambaye wazee wa pwani wanamfahamu hata kwa sura, yaani Nargis, mwigizaji wa sinema za Kihindi. Mwaka 1980, alipokuwa ameteuliwa kuingia katika baraza la juu la Bunge la India, alimshutumu mwongozaji Satyajit Ray kwamba anausafirisha umaskini wa India kwenda kuuonyesha kwa wageni. Kinachonichekesha ni kwamba filamu iliyompa Nargis jina kubwa kuliko zote, Mother India ya mwaka 1957, ni ya mwanamke wa kijijini aliyefikia hatua ya kulivuta jembe la ng'ombe kwa mabega yake mwenyewe, nayo ndiyo India iliyoipeleka kwenye Oscar ikafika orodha ya mwisho. Umaskini wa Mother India una nyimbo na rangi. Ule wa Pather Panchali, filamu ya kwanza ya Ray ya mwaka 1955, una mvua, vicheko vya watoto na ukimya, katika picha nyeusi na nyeupe. Nadhani ukimya ndio uliowaudhi watu.

Pia si kweli kwamba wahakiki wote wa nje waliipokea kwa shangwe. Ilipofika New York mwaka 1958, Bosley Crowther wa New York Times aliandika kwamba kwa ulegevu wa mpangilio na uzito wa mwendo wake, wahariri wa Hollywood wasingeiona zaidi ya kazi ghafi inayosubiri kusafishwa. Watazamaji hawakumsikiliza, nayo ikaendelea kuonyeshwa katika jumba moja la mji huo kwa takribani miezi minane. Kwa hiyo hapo mlalamikiwa wako, yaani mhakiki mkubwa wa gazeti kubwa, ndiye aliyeikataa, na wateja wa kawaida waliolipa kiingilio ndio walioitaka.

Hata hivyo, malalamiko yako yana mahali pa kusimama. Mwaka 1956 Cannes iliipa Pather Panchali tuzo ya kuwa hati bora ya ubinadamu, na jina hilo la tuzo silipendi hata kidogo, kwa maana linamfanya Ray aonekane kama karani aliyeleta taarifa kutoka wilayani. Ray alikuwa mtu wa mjini Calcutta, mchoraji katika kampuni ya matangazo, aliyekuwa akiihamishia riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay kwenye skrini kwa pesa za kuungaunga mpaka serikali ya Bengali Magharibi ilipomwokoa. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei ambaye hakuwa amewahi kupiga filamu. Muziki ni wa Ravi Shankar. Mhakiki anayetaja matope na machozi bila kutaja mwanga ule wa Mitra amepitwa na kazi yenyewe, na aina hiyo ya uhakiki, ambayo humhurumia mtu aliyemo ndani ya picha na kumsahau aliyeitengeneza picha, bado ipo mpaka leo kila filamu ya Afrika inapopelekwa tamashani.

Nikupe mfano wa kile ninachotaka mhakiki akione. Katika Pather Panchali, Durga, dada yake Apu, anashutumiwa na jirani kwamba ameiba mkufu wa shanga. Anakana, na mama yake anaaibika mbele ya watu. Baadaye Durga anapatwa na homa baada ya kunyeshewa na anafariki. Familia inapofungasha vyombo ili kuhama, Apu mdogo anaukuta ule mkufu umefichwa. Anautazama, anatoka nao mbio, anautupa bwawani, na magugu ya maji yanajifunga juu yake. Hakuna neno linalosemwa. Mtoto amemsitiri dada yake kwa siri ambayo hata mama hataijua, na tendo hilo lingekuwa na uzito uleule katika nyumba ya ghorofa yenye viatu vya kila rangi mlangoni.

SWALI: Assalamu alaykum. Tuliitazama A Separation ya Asghar Farhadi nyumbani, mimi na mama mkwe wangu, na sote wawili tulishika pumzi pale Msahafu ulipoletwa mezani. Nilipotafuta uhakiki wa Kiingereza nilikuta mengi kuhusu serikali ya Iran na tofauti za matabaka, lakini kuhusu kiapo ni sentensi moja tu au hakuna kabisa. Je, sisi tuliona filamu nyingine? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Mliona filamu ileile, mkiwa mmekaa upande mwingine wa chumba. Ningefurahi kama mama mkwe wako naye angetuandikia.

Kwa ufupi, kwa wasioijua: Nader na Simin ni mume na mke wa tabaka la kati jijini Tehran. Simin anataka wahame nchi. Nader anakataa kwa sababu ana baba mzee aliyepoteza kumbukumbu. Mke anapoondoka nyumbani, Nader anamwajiri Razieh, mwanamke maskini, mja mzito, mcha Mungu, amwangalie mzee. Siku moja Nader anamsukuma Razieh nje ya mlango kwa hasira, mimba inaharibika, na kesi inaanza. Filamu ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2011 na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Wahakiki waliozungumzia matabaka hawakuzua. Razieh anakuja kazini kutoka mbali akiwa na binti yake mdogo, mumewe anadaiwa na watu wasio na subira, na katika ofisi ya hakimu, mtu mwenye maneno laini ndiye anayesikilizwa vizuri. Lakini mgongo wa filamu, kwa maoni yangu, ni imani ya Razieh, na Farhadi anaujenga mapema. Mzee anapojichafua, Razieh anapiga simu kuwauliza watu wa dini kama ni dhambi kwake kumsafisha mwanamume asiye maharimu wake. Mtazamaji asiyejali dini anaweza kuona hapo kichekesho kidogo au mateso ya mwanamke aliyebanwa na sheria. Mtu wa Unguja anaona mtu mwenye hofu ya kweli anayetafuta ruhusa ya kutenda wema. Mwishoni Nader yuko tayari kulipa fidia, pesa zimeandikwa, wadai wamekaa sebuleni wanasubiri, na sharti lake ni moja tu: Razieh aape kwa Msahafu kwamba yeye Nader ndiye aliyesababisha mimba kuharibika. Razieh ana shaka, kwa kuwa siku moja kabla aligongwa na gari, na anaogopa kwamba akila pesa kwa kiapo cha shaka balaa itamwangukia mtoto wake. Anakimbilia jikoni. Yeyote wa kwetu aliyewahi kushuhudia mgogoro wa shamba au wa mirathi ukifika kwenye kiapo haelezwi zaidi ya hapo. Nader anapoomba kiapo anatumia imani ya mtu mwingine kama silaha, na huo ndio ubaya wake mkubwa katika filamu nzima, mkubwa kuliko ule msukumo wa mlangoni. Sijakutana na mhakiki wa kigeni aliyeliweka jambo hilo katikati ya maandishi yake namna hiyo, nami nadhani si kwa chuki wala uvivu. Kila mtu hushika pumzi kwa kile anachokiogopa.

Ningependa tu tusivimbe kichwa. Kushiriki Uislamu na watu wa Tehran hakutufanyi tuijue Tehran. Mahakama yao, madhehebu yao na namna ya tabaka la kati la mji ule kuzungumza, vyote ni vya kwao, na hapo mhakiki wa Kiirani atatusahihisha sisi kama tunavyowasahihisha Waingereza.

Na kwa kuwa mimi ni mtazamaji, niseme pia lalamiko langu. Filamu inatuonyesha karibu kila kitu, mpaka nyuso za watoto wakisikiliza ugomvi wa wakubwa, lakini inakata picha katika sekunde ileile Razieh anapoingia barabarani kumfuata mzee, na kwa hila hiyo tunanyimwa tukio ambalo kesi nzima inalitegemea. Wahakiki wengi wanauita huo ustadi. Mimi naona mwongozaji amechungulia karata zetu, ingawa mchezo wenyewe ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilikubali kushindwa.

SWALI: Ndugu mhariri wa safu, Oscar wanasema wana kipengele cha filamu za kimataifa, kisha wakaikataa filamu ya Nigeria kwa sababu watu wake wanazungumza Kiingereza. Huo ukimataifa ni wa nani? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Unazungumzia Lionheart ya Genevieve Nnaji, iliyoondolewa mashindanoni Novemba 2019. Kanuni inataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha isiyo Kiingereza, na katika filamu hiyo ya dakika 95 Kiigbo kilizungumzwa kwa takribani dakika 11. Cha kushangaza ni kwamba mwaka huohuo, mwezi Aprili, waandaaji walikuwa wametangaza kubadilisha jina la kipengele, kutoka filamu ya lugha ya kigeni kuwa filamu ya kimataifa, huku kanuni ya lugha wakiiacha palepale. Mwongozaji wa Marekani Ava DuVernay aliuliza hadharani kama Nigeria imekatazwa kushindana kwa lugha yake rasmi, nalo ni swali zuri, kwa kuwa Kiingereza hakikufika Lagos kwa mwaliko.

Hata hivyo mimi naielewa kanuni kwa upande mmoja: bila hiyo, Uingereza na Australia zingeingia katika kipengele hicho kila mwaka na pesa zao, na filamu ya Kiigbo isingepata nafasi kabisa. Ningependekeza wangeacha jina la zamani, ambalo halikuwa zuri lakini lilisema ukweli.

Sisi wa Kiswahili kanuni hiyo haituumizi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, iliwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro hicho mwaka uliofuata, na kabla yake Tanzania ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001. Miaka hiyo ishirini ya kutopeleka kitu inanisumbua zaidi kuliko kanuni ya Wamarekani. Inanisumbua pia kwamba Yasmin na Denge, ambao wasomaji wa riwaya ile wamekuwa nao tangu shuleni, wamehakikiwa zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa lugha wanayoizungumza.

SWALI: Manukuu ya chini ya skrini au sauti iliyoingizwa Kiswahili, kipi bora? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Kwa drama, manukuu. Sauti ya mwigizaji ni nusu ya kazi yake, na ukimwondolea Razieh kigugumizi chake cha hofu umemwondolea mengi. Januari 2020 Bong Joon-ho wa Korea Kusini aliwaambia Wamarekani kwamba wakikivuka kile kizuizi cha inchi moja cha manukuu watakutana na filamu nyingi za ajabu, na mwezi uliofuata filamu yake Parasite ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora ya mwaka.

Lakini wale watafsiri wa vibanda umiza, kama marehemu Lufufu, wanaosimulia juu ya picha, wanacheka na kuwapa wahusika tabia mpya, siwaweki katika fungu la sauti zilizoingizwa. Hao ni wahakiki wanaofanya kazi wakati filamu inaendelea, na mara nyingine maoni yao kuhusu ujinga wa jambazi mkuu ni makali kuliko ya gazetini. Nisingependa tu kuwasikia juu ya Kiarostami.

SWALI: Shikamoo. Nimesoma kwamba filamu bora kuliko zote duniani ni ya mwanamke anayemenya viazi kwa saa tatu. Nimejaribu kuitazama nikaishia dakika ya arobaini. Wahakiki wanatutania? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Filamu hiyo ni Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ya Mbelgiji Chantal Akerman, ya mwaka 1975, yenye dakika 201. Jarida la Sight and Sound huwauliza wahakiki mara moja kila miaka kumi, tangu mwaka 1952, wataje filamu zao kumi bora. Mwaka 2022 waliulizwa zaidi ya watu 1,600, na kura zikaipandisha hii nafasi ya kwanza. Miaka kumi kabla yake haikuwa hata ndani ya kumi bora, na waliopiga kura walikuwa 846. Ukiongeza wapiga kura maradufu na kuwaita watu wa mabara na rika tofauti, matokeo yatabadilika, na sioni uchakachuaji hapo. Orodha ya mwaka 1952 iliongozwa na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu wakati huo, kisha Citizen Kane ikakaa juu kwa miaka mingi. Kila orodha inatueleza waliopiga kura walikuwa watu gani.

Kama kura ingekuwa yangu, ningeitoa kwa Tokyo Story ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953, ambayo katika orodha hiyo ya 2022 ilishika nafasi ya nne. Wazee wawili kutoka Onomichi wanasafiri hadi Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli, wanawapeleka wazazi kwenye hoteli ya bei nafuu ya Atami ili wapumue, na anayewakirimu kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Wahakiki wa Marekani hawana cha kujivunia hapo, maana filamu ilifika kwenye majumba ya New York mwaka 1972, takribani miaka ishirini baada ya Wajapani kuiona. Mtu yeyote aliyewahi kumpokea mzazi kutoka kijijini akiwa na ratiba ya kazi mfukoni ataitazama kwa shida, na haihitaji manukuu mengi.

Kuhusu Akerman, dakika ya arobaini ni mahali pabaya pa kuishia. Filamu ina siku tatu. Siku ya kwanza unajifunza utaratibu wa Jeanne: kupika, kuoga, kutandika, kumpokea mteja wa mchana, kuzima taa kila anapotoka chumbani. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anatangatanga na sufuria mkononi asijue pa kuiweka, na kwa kuwa umeshaujua utaratibu wake, sufuria hiyo inakutia wasiwasi ambao filamu nyingi za mauaji hazijanitia. Jaribu tena siku ya mapumziko, ukiwa umeshakula, mpaka vile viazi viungue. Ukichoka hata baada ya hapo, zima na utuandikie sababu, nasi tutaichapisha barua yako katika toleo lijalo.